Kampuni inataka kununua shamba letu moja kwa moja: tusaini?

*Swali: "Baba alituachia shamba la hekta 5 kijijini, mimi na ndugu zangu wawili. Hati bado ina jina lake. Sote tunaishi mbali na hakuna anayelilima. Kodi ya ardhi hatujalipa kwa miaka minne, na njia ya kuingilia inapita kwa jirani. Wiki iliyopita nilipokea barua ya kampuni inayosema itanunua 'ekari 12' zetu kama zilivyo, kwa pesa taslimu, bila dalali, bila gharama kwetu, na itakamilisha ndani ya siku 30. Mkataba umeambatanishwa na natakiwa kuusaini ndani ya siku 10. Dada yangu anasema ni matapeli. Kaka yangu anasema tuchukue pesa tuutue mzigo. Nani yuko sahihi?"*

Ndugu msomaji, dada na kaka yako wanajibu maswali mawili tofauti. Dada anauliza kama kampuni ni ya kweli. Kaka anauliza kama kuna faida ya kuendelea kulishika shamba. Kuna swali la tatu ambalo hakuna aliyeligusa, na hilo ndilo lenye pesa ndani yake: je, kampuni hii inanunua kwa fedha zake, au inataka saini yenu ili ilitafutie shamba mnunuzi mwingine huku nyinyi mmefungwa na mkataba? Barua haiwezi kukujibu hilo. Mkataba ulioambatanishwa unaweza, na nitakuonyesha pa kutazama.

Kwanza tuondoe hofu moja. Kampuni kujua jina lenu na ukubwa wa shamba si dalili ya utapeli. Katika nchi nyingi, daftari la ardhi, na katika baadhi yake orodha za kodi ya ardhi pia, hukaguliwa na yeyote anayelipa ada ndogo. Kampuni za aina hii huchuja kumbukumbu hizo zikitafuta wamiliki wanaoishi mbali, wenye malimbikizo ya kodi, au waliorithi, maana hao ndio wenye sababu ya kuuza haraka. Barua kama yako hutumwa kwa watu wengi kwa mkupuo. Kwa hiyo bei iliyomo huenda ilikokotolewa mezani, kwa wastani wa eneo, kabla mtu yeyote hajakanyaga shamba lenu. Ichukulie kuwa ni bei ya kuanzia mazungumzo, hata kama barua inaiita ya mwisho.

Ahadi ya pesa taslimu maana yake ni kwamba ununuzi hausubiri mkopo wa benki. Haithibitishi kwamba pesa hizo zipo. "Bila gharama kwenu" nayo ni kweli kwa namna moja tu: hamtatoa kitu mfukoni, kwa sababu kila gharama imeshakatwa ndani ya bei. Na zile siku 10 zimewekwa na kampuni kwa manufaa yake. Shamba halihami. Mnunuzi ambaye hesabu yake inalipa leo atakuwa bado anataka kununua wiki sita zijazo, na akikataa kusubiri wakili wenu asome mkataba, amewaambia jambo muhimu kuhusu yeye mwenyewe.

Sasa bei. Kampuni huanza na kiasi inachotarajia kuliuzia shamba, kisha hurudi nyuma ikitoa kila inachokiona mbele yake. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme shamba lenye vipimo sahihi na njia halali lingeuzwa kwa 100. Kampuni inatoa 8 za kumlipa dalali na matangazo wakati wa kuliuza tena, 7 za upimaji na wanasheria, 5 za malimbikizo yenu pamoja na kodi ya muda wa kusubiri mteja, 10 kwa sababu ya njia isiyo na uhakika, na 25 za faida yake. Inabaki 45, na hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye barua. Faida ile ya 25 si wizi. Mtaji wake utalala kwenye ardhi ambayo inaweza kukaa mwaka au zaidi bila mteja, na baadhi ya mashamba inayonunua huitia hasara. Mara nyingi pia humuuzia mteja wa mwisho kwa awamu zenye riba, na hapo ndipo huvuna zaidi ya hiyo 100.

Angalia basi nini kinatokea mkizirekebisha kasoro wenyewe. Tuseme mmelipa 7 za upimaji na wanasheria, na 6 za kupata haki ya njia kutoka kwa jirani. Kampuni ileile sasa haina sababu ya kukata zile 7 na 10, hivyo inapaswa kupanda hadi 62. Toeni 13 mlizotumia, mnabaki na 49. Mmepata 4 tu zaidi kwa usumbufu wote huo. Lakini mkiliuza shamba lililokwisha kurekebishwa kwa mnunuzi wa kawaida kwa 100, mkatoa 8 za dalali, 13 za marekebisho na 5 za kodi, mnabaki na 74. Marekebisho hulipa pale yanapowafungulia mlango wa wanunuzi wengine. Hayalipi sana mkiwa na mteja mmoja tu mezani.

Kwa hiyo msilinganishe 45 na 100, kama watu wengi wafanyavyo kisha wakakasirika. Linganisheni 45 za mwezi ujao na 74 za mwaka mmoja au miwili ijayo. Hiyo ni kama asilimia 61. Tofauti ya 29 ndiyo bei mnayolipia haraka na utulivu. Kwa mtu mwenye deni linalozaa riba kubwa kila mwezi, inaweza kuwa bei ya haki. Kwa ndugu watatu wasio na dharura, naiona kubwa mno. Nisingewashauri kushuka chini ya robo tatu ya kile ambacho soko lingewaachia mkononi, yaani 55 hivi katika mfano wetu.

Ili hesabu hii iwe yenu, inabidi mjue 100 yenu ni kiasi gani. Tafuteni mauzo matatu hadi matano yaliyokamilika katika mwaka mmoja au miwili iliyopita, karibu na shamba hilo. Nasisitiza yaliyokamilika: bei ya kwenye tangazo ni matumaini ya muuzaji. Chagueni mashamba yenye ukubwa kati ya nusu na mara mbili ya lenu. Bei ya ekari moja kwa kawaida hushuka kadiri shamba linavyokuwa kubwa, kwa kuwa wanaomudu kipande kidogo ni wengi zaidi, hivyo kuchukua bei ya kiwanja cha ekari moja na kuizidisha mara kumi na mbili kutawapa ndoto. Kisha rekebisheni kwa njia, maji, mteremko, mafuriko, umbo la shamba na matumizi yanayoruhusiwa na mipango ya eneo. Kama kuna miti mikubwa ya mbao, ihesabiwe peke yake na mtu anayeijua biashara ya mbao. Someni pia kama mkataba unachukua haki za maji, mchanga, mawe au madini pale ambapo sheria inazihesabu kuwa mali ya mwenye ardhi. Kampuni huweka vyote hivyo kwenye sentensi moja fupi.

Kuna jambo kwenye barua yako ambalo huenda lilikupita. Hekta moja ni mita za mraba 10,000, na ekari moja ni kama mita za mraba 4,047. Hekta 5 ni ekari 12.36, wala si 12. Ile sehemu iliyoachwa ni karibu mita za mraba 1,440, eneo linalotosha viwanja kadhaa vya nyumba. Inawezekana ni kukadiria tu. Lakini bei ikipigwa kwa ekari 12 na uhamisho ukafanywa kwa shamba zima kama lilivyo kwenye hati, mtakuwa mmeitoa bure. Dawa yake ni kuandika bei kwa kila ekari au hekta itakayothibitishwa na upimaji, na kusema wazi nani anamlipa mpima.

Fungueni sasa mkataba. Tazama jina la mnunuzi. Likifuatwa na maneno kama "au yeyote atakayemteua", au kukiwa na kifungu kinachoruhusu mkataba kuhamishiwa mtu mwingine bila ridhaa yenu, kampuni imejiachia nafasi ya kuuza nafasi yake. Inakubaliana nanyi kwa 45, inalitangaza shamba kwa 60, na mteja akipatikana inamkabidhi mkataba na kubaki na 15 bila kutoa mtaji. Pengine jambo hilo ni halali likifanywa kwa uwazi, na pengine linahitaji leseni. Ubaya wake kwenu ni kwamba mteja asipopatikana, kampuni hujitoa, nanyi mmekaa miezi mitatu au minne mkiwa hamwezi kumuuzia mtu mwingine.

Mlango wa kampuni kujitoa ni kifungu cha ukaguzi, yaani kinachompa mnunuzi muda wa kulikagua shamba. Kikisema siku 90 au 120, kikiruhusu mnunuzi kuvunja mkataba kwa sababu yoyote, na arbuni (malipo ya kutangulia) ikiwa ndogo tena ya kurudishwa yote, mmetoa ruhusa ya bure ya kushikilia shamba lenu, ruhusa ambayo mnunuzi mwingine angeilipia. Barua inaahidi siku 30. Hesabu mkataba unasema siku ngapi, na kama tarehe ya kukamilisha inaweza kusogezwa "kwa hiari ya mnunuzi". Ahadi ya barua au ya simu haitawasaidia. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza zinafuata msimamo ulioanza na sheria ya mwaka 1677, kwamba makubaliano ya ardhi yawe kwa maandishi yenye saini. Kilichoandikwa ndicho kitakachosomwa mbele ya hakimu.

Tazama pia kama kampuni imejipa haki ya kusajili zuio dhidi ya hati, yaani tangazo kwenye daftari la ardhi kwamba ina madai juu ya shamba. Zuio linaweza kubaki kwenye daftari hata mkataba ukishakufa, na kuliondoa mara nyingi hudai saini ya kampuni au amri ya mahakama. Wauzaji wengi huligundua siku wamempata mnunuzi mwingine.

Vifungu hivi vyote vinajadilika, na jinsi kampuni inavyovijadili ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote. Ombeni ukaguzi wa siku 14 hadi 30. Ombeni arbuni ya asilimia 5 hadi 10, ishikwe na wakili au wakala wa amana asiye upande wowote, na isirudishwe baada ya ukaguzi kwisha isipokuwa kosa likiwa lenu. Muda uongezwe mara moja tu, kwa malipo. Mkataba usihamishwe bila idhini yenu ya maandishi. Zuio lisisajiliwe, au kama wanang'ang'ania, hati ya kulifuta isainiwe siku hiyohiyo na ishikwe na yule wa kati. Kampuni yenye fedha itagombana nanyi kidogo kuhusu asilimia na siku, kisha itakubali jambo linalofanana na hilo. Isiyo nazo itatoweka.

Kuhusu malimbikizo ya kodi, kuna mtego mdogo wa kukatwa mara mbili. Bei ya kampuni imeshazitoa. Mkataba ukisema tena kwamba malimbikizo "yatakatwa kwenye malipo ya muuzaji", mnalipa deni lilelile mara ya pili. Lakini msiliache deni lenyewe likae: katika nchi nyingi mamlaka inaweza hatimaye kuipiga mnada ardhi yenye deni la kodi. Ombeni taarifa rasmi ya deni wiki hii, kwa maandishi, na muulize kama kuna mpango wa kulipa kidogo kidogo. Deni linalojulikana lina nguvu ndogo ya kuwasukuma kuuza kuliko deni la kuhisi.

Na sasa lile ambalo lingepaswa kusimamisha kila kitu: hati bado ina jina la marehemu. Mpaka mirathi ifunguliwe na msimamizi atambuliwe kisheria, hakuna kati yenu mwenye uwezo wa kuhamisha shamba hilo lote, hata mkikubaliana watatu. Ukisaini peke yako kama "mmiliki", umeahidi usichoweza kutoa, na unaweza kudaiwa fidia wewe binafsi. Kampuni inayojua hati iko kwa jina la nani, kisha inamtumia mrithi mmoja mkataba wa siku 10, ama haikuangalia au haijali. Hata zile siku 30 haziwezekani kama mirathi haijaanza.

Mkishamaliza mirathi na majina yenu matatu yakaingia kwenye hati, jihadharini na jambo jingine. Katika nchi nyingi, mmoja wa wamiliki wenza anaweza kuuza sehemu yake isiyogawanywa bila wengine kukubali. Kampuni ikinunua theluthi ya kaka yako, inakuwa mshirika wenu, na inaweza kwenda mahakamani kuomba shamba ligawanywe, au liuzwe lote kama haligawanyiki vizuri. Ndiyo maana ningependa mkae pamoja mapema na muandikiane: nani ana sehemu gani, bei ya chini ni ipi, na kwamba anayetaka kutoka awape kwanza wenzake nafasi ya kununua sehemu yake. Kama kaka ndiye mwenye haraka ya pesa, pengine suluhisho la bei nafuu kuliko yote ni nyinyi wawili kumlipa kwa awamu.

Kabla ya kumjibu mtu yeyote, mpigieni jirani yule ambaye njia inapita kwake. Yeye ndiye mnunuzi ambaye tatizo la njia halimhusu: ile 10 ambayo kila mtu mwingine ataikata, kwake haipo. Tena ardhi inayopakana na yake ina thamani kwake kuliko kwa mgeni, kwani anaongeza shamba bila kuongeza uzio wala safari. Asipotaka kununua, muulize kuhusu haki ya njia ya kudumu, iliyoandikwa na kusajiliwa kwenye hati zote mbili. Wakili awaambie kwanza kama matumizi ya miaka mingi yameshawapa haki hiyo kisheria. Kuna nchi zinazoitambua baada ya muda fulani wa kupita waziwazi bila ruhusa, na mkianza kwa kuomba ruhusa mnaweza kuiharibu hoja yenyewe. Mtumeni pia mtu akaone nani analima au kuchunga humo. Mtu aliyekaa muda mrefu bila kuzuiwa anaweza kudai haki, na hapo kuchelewa kunawagharimu.

Kukodisha msimu mmoja au miwili ni njia ninayoipenda kwa familia ambazo hazijaelewana. Kodi ya shamba inalipa kodi ya serikali, mipaka inabaki hai, na mnapata muda wa kumaliza mirathi. Mkataba uwe wa maandishi, wa muda mfupi wenye tarehe ya mwisho, ili usimtishe mnunuzi atakayekuja.

Kuna shamba ambalo ningeshauri liuzwe kwa kampuni bila kusita sana: lisilo na njia wala jirani anayekubali kuitoa, lenye mafuriko, au lenye warithi wengi kiasi kwamba gharama za kuendelea kubishana zinaila thamani yake. Huko mnunuzi wa kawaida haji, na kampuni inafanya kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya. Kwa maelezo yako, lenu halijafika huko.

Siku ya malipo ikifika, kanuni ni moja: pesa na umiliki vibadilishane kwa pamoja, mikononi mwa mtu wa kati. Hati halisi isitoke, fomu ya uhamisho isisainiwe "mapema ili kuokoa muda", na msitoe hati inayompa mwakilishi wa kampuni mamlaka ya kutenda kwa niaba yenu. Hundi si pesa mpaka benki yenu ithibitishe kwamba haiwezi kurudishwa. Utapeli wa kawaida ni hundi yenye kiasi kilichozidi, kisha ombi la kurudisha "ziada" kabla haijabainika kuwa hundi ni bandia. Mnunuzi akiwaomba mlipe ada yoyote kwanza, iwe ya tathmini, ya kufungua faili au ya kodi ya uhamisho, katisheni mazungumzo. Mambo ya kodi ya faida ya mauzo muulizeni mhasibu kabla ya kukubali bei, kwa sababu kwa ardhi ya urithi gharama ya kuanzia (kiasi kinachotolewa kwenye bei ya mauzo ili kupata faida) huhesabiwa tofauti kati ya nchi na nchi, na tofauti hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko mtakachokipata kwa kubishania asilimia mbili tatu.

Wanaohitajika ana kwa ana ni watatu. Wakili wenu, si yule anayependekezwa na kampuni, kwa ajili ya mirathi na kusoma mkataba; mwombeni ada ya jumla kwa kazi hiyo. Mpima mwenye leseni, ili mawe ya mipaka yaonekane. Mthamini wa kujitegemea, hasa kama hamkupata mauzo matatu ya kulinganisha. Mkikosa fedha za wote, anzeni na wakili.

Ili msipoteze nafasi, mjibuni kampuni wiki hii kwa aya moja, bila kusaini chochote: kwamba mmepokea barua; kwamba shamba liko kwenye mirathi na halitauzwa kabla haijakamilika; kwamba mnaomba namba ya usajili wa kampuni, uthibitisho wa fedha kutoka benki, na maelezo ya mashamba matatu iliyonunua na kusajili kwa jina lake, ili myaangalie wenyewe kwenye daftari la ardhi; na kwamba mazungumzo ya bei yatakuwa kwa hekta iliyopimwa. Nakala wapelekee dada na kaka siku hiyohiyo, na jibu likija lisomeni mkiwa watatu.